Zambarau, Ini Langu na Panya wa Université

Wiki iliyopita, karibu na hospitali ya Kamenge, nilikuwa nawafundisha wateja wa mama mmoja anayeuza zambarau za porini.

"Zambarau inalinda ini," nikawaambia. "Mi nakula bakuli moja, kisha bia nakunywa bila woga."

Mmoja wao, mwanafunzi wa udaktari, akaacha kutafuna, akanikazia macho.

"Kaka, macho yako yamekuwa ya njano tangu lini?"

"Ni vumbi. Kwani nyinyi hamujui zambarau?"

"Kule chuoni, université, tunaijaribu kwa panya tuliowaharibu ini kwa bia. Lakini tukianza kuwapa tunda, bia tunawanyima."

Mama akaninyang'anya bakuli. "We vuka barabara kwanza, ukapimwe. Zambarau zitakungoja."

Nikavuka. Ini limevimba, bia nimekatazwa. Mi niliacha shule darasa la sita nikajiita profesa; panya wale wako université, wala hawabishani na mutu.