Mzee Aliyekataa Kunivulia Shati

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Gereza alinitazama kuanzia kofia hadi buti, akauliza, "Binti, unaogopa wanaume?"

"Hapana, afande."

"Vizuri. Utakaa getini."

Lilikuwa gereza dogo la kilimo, mbele kidogo ya Kikatiti, la wanaume watupu, na askari tulikuwa wachache. Kazi yangu ilikuwa upekuzi. Gengi, yaani kundi la wafungwa wanaotoka kulima, likirudi mchana, kila mmoja anavua nguo, nami nakagua kama kaficha tumbaku au wembe. Nilikuwa mwepesi wa mikono, na nilijisifu kweli.

Kisha akahamishiwa kwetu Mzee Mbise, mkulima wa kahawa aliyefungwa kwa kufyeka migomba ya jirani katika ugomvi wa mpaka. Alipofika mbele yangu mara ya kwanza, mdomo ukanitangulia.

"Shikamoo, mzee. Vua."

Askari haamkii mfungwa shikamoo. Gengi zima likacheka. Yeye hakucheka.

"Marahaba, mwanangu. Sasa umeshaniamkia, nitakuvuliaje?"

Akafunga mikono kifuani. Kukataa amri ni kosa, na kosa lingemfutia punguzo la kifungo analopewa mwenye tabia njema. Alibakiza mwezi mmoja arudi kwa mkewe. Ripoti ilikuwa niandike mimi.

Nilishindwa kuianza. Mimi tangu utotoni ni mtu wa kudadisi, na kuuliza si ujinga. Nikataka kujua kama amri yenyewe ilikuwa halali. Nikaazima kitabu cha kanuni ofisini, nikasoma: mfungwa atapekuliwa na askari wa jinsia yake. Nikampelekea Mkuu.

"Hiyo ni kwa ajili ya wanawake," alisema.

"Mbona hapajaandikwa wanawake, afande?"

Akasoma. Akafuta miwani, akasoma tena. "Nani kakutuma kusoma?"

"Hakuna, afande. Nilikuwa najiuliza tu."

Akafunga kitabu. "Basi mzee hana kosa. Kuanzia kesho atapekua koplo wa kiume. Wewe shika funguo."

Mzee Mbise alitoka siku yake ilipofika, akaniaga kwa mkono.

Sasa nimestaafu, nakaa Kimandolu. Askari vijana hunijia na swali lilelile: je, mwanamke anaweza kusimamia wanaume? Anaweza. Nimeongoza magengi, nimeshika bunduki, nikatiiwa. Lakini mtu akifungwa hafungwi pamoja na aibu yake. Hiyo hubaki mali yake, awe mwanamume au mwanamke.

Huwa wananisifu kwa kisa cha mzee, nami huona haya. Kabla yake alikuwepo kijana wa Sombetini aliyekataa vilevile. Yeye alikataa kwa matusi, huku machozi yakimlengalenga. Nilikasirika. Niliandika ripoti yake kwa mwandiko mzuri, akanyang'anywa punguzo, akamaliza kifungo chote na kuondoka kabla sijakisoma kile kitabu. Haki yake ilikuwa ileile ya mzee. Na mimi, mpenda kuuliza, sikumuuliza hata kwa nini analia.