Vishada Sita Kila Upande

Kila asubuhi, Vitantonio Lacertosa akiingia kwa Rocchina kunywa kahawa, lazima mtu amchokoze.

"Vipi, Baba Askofu kaamkaje leo?"

"Mzima," anajibu Vitantonio, uso kama mtu aliyetoka kuzika. "Kapanda mlima wote wa kanisa kuu, hata hakuhema."

"Dah, pole sana, kaka."

Mkahawa mzima unaangua kicheko. Rocchina anamsukumia kikombe. "Kunywa, maskini wa Mungu. Labda kesho ataugua hata mafua."

Msimwelewe vibaya. Vitantonio hakumwombea mtu kifo. Shida yake ilikuwa moja: alitaka kazi, na kazi yenyewe haikuwepo mpaka askofu mmoja aondoke na mwingine aje.

Ni hivi. Pale Acrisola, mji mdogo wa kusini mwa Italia, kwenye ukumbi wa nyumba ya askofu, kuta zote nne zimezungukwa kwa juu na nembo za maaskofu wa mji, mmoja baada ya mwingine, toka enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Yupo aliyegombana na makabaila mpaka akakimbia kwa punda. Yupo aliyeogopa malaria, akauongoza mji maisha yake yote akiwa Napoli, hakuwahi kuuona hata siku moja, lakini nembo yake ipo, tena kubwa kuliko zote. Kila nembo ni ngao, na juu yake kofia ya kijani inayoteremsha vishada vya nyuzi huku na huku. Vishada kumi kila upande, huyo askofu mkuu. Sita, askofu wa kawaida. Mtoto wa Acrisola hujua kuhesabu vishada kabla hajajua kufunga viatu.

Na waliochora zile za karibuni wote ni ukoo wa Lacertosa. Babu yake Vitantonio alichora vya kumi. Halafu Roma wakapanga mambo upya, uaskofu mkuu ukapelekwa mji wa pwani, Acrisola ikabaki na askofu wa kawaida. Babu akachora vishada sita sita, akashuka ngazi, na wanasema hakumwamkia padri yeyote mpaka Pasaka. Baba yake naye akachora sita. Wa mwisho kuchorwa na baba alikuwa Monsinyori Ermete, askofu huyuhuyu wa mafua, mwenye mzinga wa nyuki kwenye ngao. Vitantonio ndiye aliyekoroga chokaa siku hiyo na kushika ngazi. Majira ya baridi hayohayo baba akafariki, na zamu ikawa ya kijana.

Sasa huyo Ermete alikuja na miaka arobaini na kitu, mapafu ya mbuzi, chakula chake maharage na mboga chungu za porini. Askofu hustaafu akifika sabini na tano. Piga hesabu mwenyewe.

Vitantonio akasubiri. Huku anasubiri, anapaka rangi mabanda ya magari, madirisha, kuta za ngazi. Akaoa, akapata mabinti, mabinti wakaenda Torino kufanya kazi, yeye bado anasubiri. Jioni alikuwa anashuka stoo chini ya nyumba kujizoeza kuchora vishada ukutani.

"Wenzangu wanagombea waume na wanawake wenzao," alisema mkewe, Incoronata. "Mimi mke mwenzangu kofia. Tena ya kijani."

Monsinyori Ermete naye alikuwa na utani wake. Wakikutana kwenye ngazi za kanisa anamwambia, "Vitantonio, usiniangalie hivyo, mwanangu. Nimepima damu jana, iko safi."

"Nafurahi, Baba Askofu."

"Muongo wewe!"

Mwaka ambao askofu hatimaye alistaafu, mkono wa kulia wa Vitantonio ulikuwa umeanza kutetemeka. Si sana. Kijiko kwenye sahani tu, tik tik tik. Daktari akamwambia ukweli: mwaka mmoja, labda miwili, baada ya hapo asimwahidi mtu mstari ulionyooka. Vitantonio hakumwambia mtu ila Incoronata, na Incoronata akaanza kuisali rozari akiwa na haraka zake, kama anamsukuma Bikira Maria mgongoni.

Mwaka ukapita bila askofu. Kwa Rocchina uvumi ulikuwa haukauki: anakuja Msisilia, anakuja mtawa, anakuja profesa. Mpaka Ijumaa moja Don Egidio, padri aliyekuwa anashikilia mji kwa muda, akamnong'oneza Vitantonio kwenye kona ya sakristia, chumba cha mavazi ya misa: "Kesho saa sita mchana. Jina linasomwa."

"Basi alfajiri napiga lipu."

"Vitantonio, si usubiri kwanza tusikie?"

"Babu hakusubiri. Baba hakusubiri."

Kweli, hiyo ndiyo mila. Rangi hizi hupakwa juu ya lipu mbichi ya chokaa, chokaa inazinywa, na ikishakauka huongezi kitu, ukipaka itabanduka. Kwa hiyo fundi hupiga lipu asubuhi, anachora kofia kwanza maana kofia ni ileile kwa kila askofu, na kengele zikilia analetewa mchoro wa ngao ya mgeni, anaimaliza kabla jua halijazama. Heshima ya Acrisola ni hiyo: askofu mpya anakuta mji ulishamwekea nafasi ukutani.

Jumamosi Vitantonio akapanda. Akapiga lipu, akailainisha, akachovya brashi. Na mkono, sijui ulipitiwa na malaika gani, ukatulia. Kofia ikatoka. Vishada vikashuka, sita huku, sita huku, kila uzi unaonekana kama ukiugusa utajisokota. Incoronata, aliyekuwa ameshika ngazi, akainua macho akaanza kulia kimyakimya.

"Usilie chini yangu, ngazi itateleza."

"Nyamaza uchore."

Kengele zikalia. Kidogo tu, halafu zikakatika. Uwanjani chini watu walikuwa wamejaa, lakini hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja akatukana kwa sauti. Baadaye kidogo Don Egidio akaingia ukumbini, mikono mitupu.

"Nani?" Vitantonio akauliza toka juu.

"Askofu wa Montevaglio."

"Montevaglio? Wale wanaotia sukari kwenye mchuzi wa nyanya?" Akacheka. "Haya, hata yeye ni mtu. Anahamia lini?"

"Hahamii. Anabaki kwake. Sisi tumeongezwa kwake. Mapadri wamekwisha, watu wamekwisha, maaskofu wawili kwa miji miwili midogo Roma hawaoni sababu."

Vitantonio akashuka ngazi mbili. "Ngao yake iko vipi, Don Egidio? Niambie tu. Samaki? Nyota? Lipu inakauka."

"Nimeshampigia katibu wake. Amesema nembo inakaa anakoishi askofu. Hapa hatoishi. Ukumbi huu utakodishwa kwa harusi."

"Basi niambie nichore chochote. Msalaba tu. Nani atajua?"

"Ukichora askofu ambaye hayupo, Vitantonio, atakaa pale juu miaka mingi kuliko mimi na wewe. Siwezi, ndugu yangu. Nisamehe."

Vitantonio akarudi juu, akakaa kwenye ubao na brashi yake. Incoronata akamletea mkate na kimanda, akakataa. Mchana ukasogea. Kila mara alikuwa anagusa lipu kwa ncha ya kidole: baridi, baridi, halafu vuguvugu, halafu kavu. Akaishika tena, kama haamini. Kavu. Wakashuka nyumbani.

Alitaka kuikwangua ile kofia. Idara ya mambo ya kale ikakataa: ukuta ule hauguswi. Ikabaki, kofia juu ya duara jeupe mahali pa ngao.

Askofu mpya alifika mara ya kwanza wakati milozi inachanua. Alikuwa mtu mwema, hilo tuliseme. Baada ya misa akazungushwa ukumbini, ambapo Vitantonio alikuwa ameitwa kupaka rangi vyoo vya wageni wa harusi. Askofu akainua macho.

"Hii ya nani?"

Don Egidio akaangalia viatu vyake.

"Haina mwenyewe, Baba Askofu," Vitantonio akasema.

Askofu akahesabu vishada kwa kidole, taratibu. "Sijaona kofia iliyochorwa hivi. Yangu kule Montevaglio ni karatasi tu, kijana kaitengeneza kwa kompyuta, wakaibandika. Huyu aliyechora hii yuko hai?"

"Yuko hai," Don Egidio akadakia, uso umemchangamka. "Ni huyu hapa!"

"Njoo basi unichoree ya kweli. Ukutani kwangu, ngao na kila kitu. Unaonaje, fundi?"

Vitantonio alikuwa ameuficha mkono wa kulia kwenye mfuko wa ovaroli, na mfuko wenyewe ulikuwa unatikisika. Askofu akauona. Don Egidio naye akauona.

"Mwaka jana ningeweza, Baba Askofu."

Dereva akachungulia mlangoni, akasema kule bondeni watoto wa kipaimara wanasubiri. Askofu akamwekea Vitantonio mkono begani, akaondoka. Vitantonio akachukua ndoo yake akarudi chooni, akaanza na ukuta wa nyuma ya mlango, ambako hata mstari ukienda kombo hakuna anayeangalia.