Nyuzi Arobaini na Tano

Yasinta Mazengo hakuwa mtu wa makelele. Miaka kumi na mmoja katika karakana ile ya Kizota alikuwa amevumilia saruji yenye mabonge, umeme wa kuja na kuondoka, na wakubwa waliokuja kukagua wakaishia kuuliza choo kiko wapi. Lakini Jumatatu ile ya Julai 1996 sauti yake ilifika mpaka kwa mchomelea mageti wa jirani, naye akazima mashine yake asikilize vizuri.

Kilichomtoa mwanamke wa watu katika utulivu wake ni vigae vya paa. Vigae sitini, vya saruji na katani, vimepangwa kwenye tangi la maji kwa unadhifu wa kuudhi.

Yasinta alizaliwa Zuzu, katika nyumba ya tembe, na alikuwa mtoto alipomwona baba yake akichanganya makapi kwenye udongo wa kukandika ukuta. Udongo mtupu ulipasuka ukikauka. Wenye makapi ulishikana. Aliuliza kwa nini, akaambiwa asogee asije akakanyaga. Jibu alilipata ukubwani, akiwa fundi sanifu, katika kitabu kinene cha Kiingereza kilichoachwa na mtaalamu wa kigeni siku mradi wa wafadhili ulipofungwa. Alikisoma miaka mitatu, kamusi pajani, ukurasa mmoja kwa wiki. Saruji ukiibana haina neno. Ukiivuta, inakatika kama biskuti. Ukilaza nyuzi za katani ndani yake, ufa ukianza nyuzi huushika usiende mbali. Lakini huushika tu kama zimelala kuukata njia. Zikilala sambamba na ufa, ni sawa na hazipo.

Elimu hiyo haikuwa ya kujifurahisha. Soko lilikuwa limefunguliwa, mabati ya nje yalishuka stesheni kila wiki, na mfanyabiashara mmoja alikuwa ameliona banda la karakana linafaa kuwa ghala lake. Barua ilikuja kutoka kwa wakubwa: mkaguzi atafika Agosti. Vigae vikishindwa kubeba uzito uliowekwa, banda linakodishwa na mafundi waende makwao. Waliokuwa wakiitana ndugu mwaka juzi sasa walitaka kuitwa bosi, na bosi hangoji mtu amalize kusoma kitabu.

Yasinta alijua vigae vyake vina ugonjwa gani. Nyuzi zote zililala kwa urefu, kwa hiyo ukiweka mzigo katikati kigae kilijitahidi, ila ukikikunja kona kilipasuka kwa urefu, ufa ukapita baina ya nyuzi kama mtu anayepita uchochoroni. Na upepo wa Dodoma hauinui paa kwa adabu, hushika kona. Dawa aliikuta kitabuni: laza nyuzi upande, tabaka moja ielekee kulia, nyingine kushoto, zipishane.

Hapo ndipo shangazi yake alipofariki. Akaandika maelekezo haraka kwenye karatasi, akaibandika ukutani, akaenda Zuzu matangani wiki nzima. Karatasi ilisema: *Nyuzi 45, tabaka mbili, kulia na kushoto. Maji ya tangi nyuzi 25.*

Alimwachia kazi Mzee Zaidi, mwashi kutoka Kondoa, mtu makini kuliko wote pale. Makini kupita kiasi, Yasinta alikuja kusema.

"Shikamoo mzee," alianza Jumatatu hiyo, akiinua kigae kilichovunjika ukingo. Akakigeuza. Akakigeuza tena. "Mzee Zaidi, mbona zimenyooka?"

"Marahaba, mama. Pole na msiba. Zimenyooka sana, eeh? Nimezichana kwa kitana."

"Nilisema nyuzi arobaini na tano!"

"Ndizo hizo." Mzee aliinua mikono yake iliyobabuka kwa saruji. "Arobaini na tano kulia, arobaini na tano kushoto. Nimehesabu uzi mmoja mmoja, vigae sitini. Siku ya tatu nikamwita mke wangu Zaitun aje anisaidie, macho yalianza kuona mbilimbili."

Hapo ndipo mchomelea mageti alipozima mashine. Yasinta alifoka kwamba nyuzi ni nyuzi za pembe, zile za shuleni, za kipimapembe! Mzee akajibu kwa upole kwamba yeye shule aliishia la pili, na kwamba katani ni nyuzi, na arobaini na tano ni arobaini na tano. Yasinta akaangalia tangi. Juu ya maji zilielea nyuzi za katani, zimefungwa kitita.

"Na hizo?"

"Ishirini na tano," alisema Mzee Zaidi. "Zilinishangaza kidogo, lakini nikasema mama anajua."

Kuanza upya haikuwezekana. Saruji inahitaji siku ishirini na nane, na ndizo tu zilizobaki, bila hata moja ya kutengeneza vigae vipya. Yasinta alikula chakula bila kukisikia ladha mwezi mzima. Alimkasirikia mzee, na zaidi alijikasirikia mwenyewe, maana karatasi ilikuwa na mwandiko wake.

Mkaguzi, Bwana Silvano, alifika na kiti chake mwenyewe. Kigae kililazwa juu ya magogo mawili, ndoo ikaning'inizwa katikati, mchanga ukaanza kumiminwa. Cha kwanza kilivunjika kwa kilo sitini na mbili. Cha pili sitini na tatu. Cha tatu sitini na mbili. Kilichotakiwa ni hamsini. Yasinta alikodoa macho. Miaka yote vigae vyake vilikuwa kimoja kilo themanini, kingine thelathini, naye akilaumu saruji, mchanga, hata hali ya hewa. Hakuwahi kulaumu konzi yake mwenyewe, iliyotupia katani kwa kukisia. Hakuna aliyewahi kuhesabu.

Bwana Silvano alikuwa ameshatoa kalamu. "Safi. Tunasaini."

"Subiri kidogo, bosi," Yasinta alisema, akijichukia kwa kusema hivyo. Akalaza kigae, kona tatu juu ya matofali, akakanyaga ya nne. Kikapasuka kwa urefu. "Paa hili likishikwa na upepo litaangukia watoto wa mtu. Katikati tumeweza. Kona bado."

Mkaguzi alimtazama kama mtu aliyerudisha zawadi. Mwishowe aliandika kwamba banda libaki hadi mvua za Desemba. Kona zikishindwa tena, mwenye mabati aingie. Akabeba kiti chake akaondoka.

Yasinta aliketi juu ya ndoo na karatasi mpya. Akaandika *nyuzi*, akafuta. Akaandika *digrii*, akafuta. Mwisho akachukua kijiti, akachora mistari sakafuni kwenye vumbi la saruji.

"Mzee, nataka zilale hivi. Arobaini na tano, za kuhesabu, kama ulivyofanya. Na za juu hivi, zipishane na za chini. Sijui niseme vipi unielewe."

Mzee Zaidi aliinama akatazama.

"Si mshazari huo?"

"Nini?"

"Mshazari. Kama ukili wa mkeka. Zaitun hasuki namna nyingine. Mkeka unavutwa kona na watoto kutwa nzima na hauchaniki." Alijinyoosha, mkono kiunoni. "Mama, yaani muda wote huu unateseka na kitabu, ni mshazari tu ndio ulikuwa unautaka? Ungeniambia."

Yasinta alitazama mistari sakafuni, kisha kitabu rafuni, na kamusi yake iliyochanika jalada. Alitaka kupiga kelele tena, ila safari hii hakumwona wa kumpigia.