Tuliimba, Kisha Tukanyamaza

Wajukuu wangu hunicheka kwa sababu nagombana na redio. Kikao cha Bunge kikitangazwa mchana, nayaacha maharagwe yaungue, navuta kigoda karibu, na mheshimiwa akianza kuzungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, namwambia palepale, "Wacha uongo, wewe!" Wajukuu wanasema, "Shosho, huyo hakusikii."

Najua hanisikii. Hata yule wa kwanza niliyemfuatilia hakunisikia, na nilikuwa nimesimama mbele yake na jembe mkononi.

Mimi ni mtoto wa Ishiara, huko chini kwenye joto na mtama, na niliolewa huku juu, Kanyakine. Mama mkwe wangu alipenda kusema kwamba mwanawe alishuka kununua mbuzi akarudi na mke, na kwamba mbuzi angekula kidogo. Alinitania hivyo mpaka kufa kwake, na nilimpenda. Ilipokuja Hali ya Hatari, ile tuliyoiita imajensi, tulitolewa mashambani tukarundikwa kijijini, nyumba ikigusana na nyumba, ndani ya ua wa miti iliyochongwa. Mume wangu alikuwa amekwisha kukamatwa Nairobi, alikokuwa utingo wa lori. Mume wa wifi yangu alichukuliwa mimba ya mkewe ikiwa bado changa, akapelekwa kambi nyingine ambayo hatukuambiwa iko wapi. Wifi, mdogo wa mume wangu, akarudi kwa mama yake. Sote watatu tukawa tunalala chumba kimoja na mbuzi.

Asubuhi tulipelekwa kuchimba handaki kando ya msitu, ili wapiganaji waliokuwa ndani wasitoke na chakula kisiingie. Wanaume walikuwa wamebaki wachache, kwa hiyo handaki lilikuwa la wanawake. Juu ya ukingo walisimama homugadi, vijana wa kwetu waliopewa silaha na serikali watuchunge. Wengine tulikuwa tumewabeba mgongoni walipokuwa wadogo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wifi alikuwa amekwisha kuharibikiwa na mimba moja kabla ya hiyo. Mama mkwe alikwenda kwa chifu kumwombea apumzike hata ajifungue. Chifu alimjibu kwamba amri ya handaki haiangalii tumbo. Mama mkwe akarudi nyumbani akakaa karibu na moto, akasonga ugali.

Ndipo tukapata habari kwamba katika Baraza la Kutunga Sheria, kule Nairobi, kulikuwa na mtu wa kutusemea. Hatukumchagua sisi, aliteuliwa na Gavana. Lakini alikuwa mtoto wa milima hii, na mama mkwe alimjua mama yake, walikuwa wamechota maji mto mmoja tangu usichana. "Yule amenyonya titi la kwetu," akasema. "Akija, atatusikia." Na siku moja akaja kweli, amevaa suti na kofia, akiongozana na chifu na bwana shauri wa tarafa, yule Mzungu kijana aliyekuwa na nywele za rangi ya mahindi mabichi.

Ni lazima nieleze jambo moja hapa, maana wajukuu hawalijui. Kwetu mwanamke hakuwa na kigoda mbele ya wazee. Neno lake lilipitia kwa mume au kaka. Lakini akiwa kazini na wenzake aliweza kuimba, na katika wimbo aliweza kumsema mume mlevi, mama mkwe mchoyo, hata mzee wa baraza, na hakuna aliyeweza kumtoza faini kwa neno lililoimbwa. Kila mtoto aliyelelewa huku alijua hivyo. Mwanamke akiimba na jembe mkononi, hutegi sikio kusikia sauti nzuri. Unasikiliza anamsema nani.

Basi tukaimba. Homugadi walikuwa wamesimama juu yetu, kusema hatukuweza, tukaimba. Mama mkwe ndiye aliyeanzisha, nasi tukaitikia kwamba handaki hili ni refu, hata aliye tumboni analichimba, mwana wa mama yetu uwaambie waliokutuma. Mjumbe akasimama. Akavua kofia. Nilikuwa karibu naye, nikamwona midomo yake ikicheza; alikuwa anaitikia kiitikio pamoja nasi, kimoyomoyo. Baadaye akasimama juu ya sanduku akasema kwa Kimeru kwamba ameona, na atapeleka aliyoyaona mahali panapohusika.

"Amesikia," wifi akaniambia tukirudi. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu mumewe achukuliwe.

Tangu siku hiyo nilianza kumfuatilia. Katika nyumba yetu ni mimi tu niliyejua kusoma, kwa sababu wamisheni walinishika kidogo kabla baba hajaniondoa shule nichunge. Magazeti hatukuruhusiwa kuwa nayo kijijini. Lakini siku ya soko alikuja mzee mmoja kutoka Majengo ya Meru, Mwislamu mwenye ndevu nyeupe, aliyeuza chumvi na tumbaku. Watu wa Majengo hawakufungiwa vijijini kama sisi. Chumvi yake aliifunga kwa magazeti ya Kiswahili, na magazeti hayo yaliandika nani amesema nini katika Baraza.

"Mzee, hii karatasi iko na maneno ya Baraza?" nikamwuliza, kwa Kiswahili changu kilichokuwa kinachechemea.

Alitazama kushoto na kulia. "Mimi nauza chumvi, mama. Karatasi ni bure." Kisha akachambua rundo lake bila haraka, akachomoa ukurasa, akanifungia.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Nilifika nyumbani, nikamwaga chumvi chunguni, nikanyoosha karatasi juu ya jiwe la kusagia, nikasoma, halafu ikaingia motoni. Kesho yake handakini, wakati wa kupumzika, nilirudia kwa sauti ya chini. Wanawake waliulizana, "Mtu wetu amesema nini?" kama wanavyoulizana habari za mvua. Nami niliwaambia. Alisema kuhusu kahawa, kwamba watu wa Meru waruhusiwe kupanda zaidi. Vizuri. Alisema kuhusu daraja. Alimshukuru Gavana. Alisema kuhusu ng'ombe wa kisasa. Alimshukuru Gavana tena. Tumbo la wifi lilikuwa linakua, naye kila mara aliuliza, "Na sisi?" Nilimjibu kwamba maneno ni mengi huko, foleni ni ndefu, zamu yetu inakuja. Niliamini hivyo. Nani angeitikia wimbo kisha ausahau?

Siku ikafika. Mjumbe mmoja wa upande wa ziwa, mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kanyakine, alisimama katika Baraza akaleta hoja kwamba wajawazito na wanaonyonyesha waondolewe kwenye kazi za lazima. Niliposoma hapo moyo uliruka. Wa kwetu akasimama baada yake. Alisema anamheshimu mwenzake, lakini mwenzake hajafika huko, yeye amefika. Ameona handaki kwa macho yake, na amewakuta wanawake wakiimba kwa furaha, na kazi hii wanaifanya kwa moyo kwa sababu inawalinda. Kura zikapigwa. Akaipinga. Hoja ikaanguka.

Nilikuwa nimeshika chumvi mkononi, nikaikamua mpaka ikaniuma kwenye malengelenge. Ningekuwa na huyo mtu pale ningemlisha gazeti lote, kipande kwa kipande. Asingejua lugha, ningesema hakuelewa. Angekuwa mgeni, ningesema alidanganywa na chifu. Lakini midomo yake niliiona! Aliijua kila silabi, mama yake alimbembeleza kwa nyimbo kama hizo, akazichukua mpaka Nairobi akazifanya ushahidi dhidi yetu.

Wifi akaniuliza, kama kawaida, nami nikamwambia yote.

"Alisema tunaimba?"

"Alisema."

Akafikiri. "Lakini tuliimba kweli," akasema, na hiyo ndiyo iliyonichoma kuliko gazeti.

Mama mkwe akatoa shauri handakini, na hakuna aliyelipinga: akija tena, asisikie kitu. Wimbo usiwepo, vigelegele visiwepo, hata salamu asipewe. Kwetu mgeni akipokewa kimya na wanawake anajua amefanya jambo baya. Kuna wanaume waliowahi kuhama kwa kimya cha namna hiyo. Siku ya soko nilimwambia mzee wa Majengo, maana nilikuwa na hasira na ilibidi nimwambie mtu. Nilitaka anisifu. Yeye akaendelea kukunja karatasi.

"Angalieni, mama," akasema. "Kwetu sisi binti akiulizwa kama ameikubali ndoa, akanyamaza, huandikwa kwamba ameridhia."

"Hapa si Majengo," nikamjibu.

"Na huko Nairobi je?"

Sikumsikiliza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, hayo ndiyo niliyofundishwa shuleni.

Akaja tena, msafara uleule, suti nyingine. Chifu alipunga usinga wake ili tuanze wimbo. Majembe yakaendelea. Akapunga tena. Homugadi mmoja akatupa kokoto iliyompata mwanamke begani, hata huyo hakulia. Nilisikia pumzi zetu na udongo ukianguka. Mjumbe alivua kofia kama mara ya kwanza, akatembea ukingoni akitutazama mmoja mmoja, nami nikaona jasho shingoni mwake. Alikuwa ameelewa. Naapa kwamba alikuwa ameelewa.

Akasimama ukingoni, juu ya pale alipokuwa wifi. Wakati huo tumbo lilikuwa limeshuka, hata kanga isingelificha. Wifi akajinyoosha, mkono mmoja kiunoni, akamtazama.

"Binti yetu," mjumbe akasema kwa Kimeru, kwa upole kabisa, "leo hamwimbi? Mna shida gani?"

Alimwuliza! Mbele ya bwana shauri na chifu, alimwuliza. Na wifi, aliyekuwa amengoja swali hilo tangu mimba ikiwa changa, alifunga mdomo kama tulivyokubaliana, akamkazia macho. Angekuwa na aibu, macho yale yangetosha. Mjumbe alivaa kofia akaendelea mbele.

Kwa ukaidi wetu chifu alituongezea kazi, tukawa tunapelekwa hata Jumapili. Katika mojawapo ya hizo Jumapili wifi alishikwa na uchungu handakini. Tulimzunguka kwa kanga na magunia. Homugadi walitugeuzia mgongo, angalau hilo. Mtoto alikuwa wa kike, na hakulia. Mama mkwe alimpigapiga, akampulizia, akamgeuza. Hakulia. Tulimzika pembeni, katika udongo tuliokuwa tumeuchimbua sisi wenyewe, na wifi akabebwa nyumbani kwa machela ya matawi.

Soko lililofuata, mzee wa Majengo alinipimia chumvi kwa muda mrefu. Alikuwa amesikia habari zetu. "Mama, leo nikufungie kwa jani la mgomba," akasema. Nikamwambia anifungie kwa karatasi.

Mjumbe wetu alikuwa amesimama tena katika Baraza. Yule wa upande wa ziwa hakuwa amekata tamaa, alikuwa ameirudisha hoja yake. Wa kwetu akasema amerudi Kanyakine hivi karibuni, na anafurahi kuwaarifu waheshimiwa kwamba wanawake sasa wametulia kabisa. Alisimama hata mbele ya mjamzito mmoja, akamwuliza mwenyewe kwa lugha yake kama ana shida. Hakuwa na lalamiko lolote. Kura zikapigwa. Akapinga. Hoja ikaanguka mara ya pili.

Niliisoma juu ya jiwe la kusagia. Nilitaka kuitia motoni kabla wifi hajaiona, lakini alikuwa macho pale kitandani, maziwa yanamtoka, hayana wa kuyanyonya. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nirudie pale penye mjamzito. Nikarudia. Hakulia. Alilala akitazama ukuta, na mama mkwe akatoka nje kwenda kuchungulia mbuzi wasiokuwa na tatizo lolote.

Hasira ile haijaniisha, na sitaki iishe. Watu wananiambia nisamehe, yule bwana alikwisha kufa zamani, alizikwa kwa heshima, kuna hata shule kubwa iliyojengwa juu ya kilima chake. Basi na asomeshe. Mimi wimbo wangu alinipokonya, kimya changu akanipokonya, vyote viwili akavigeuza kura.

Wifi yuko hai. Mumewe alirudi, wakapata watoto wengine, na sasa yeye ni mjane kama mimi, tunaishi boma moja, masikio yake yamekwisha kabisa. Kikao kikianza huja na kigoda chake, anakaa mkabala na redio asiyoisikia, ananitazama mdomo. Juzi mchana Spika alikuwa anawataka wanaokubali waseme ndiyo. Mjukuu akaja kupunguza sauti, akisema majirani wanalalamika.

Wifi akanigusa goti. "Wanapiga kura?"

"Wanapiga," nikamwambia kwa sauti ya kupasua sikio.

Hakuuliza ni kura ya jambo gani. Alisimama, mkono mmoja kiunoni, akasema "Hapana!" kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika uani. Kisha akakaa, akaniambia niendelee kusikiliza.