Kimo cha Gari la Baba

Iko siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, na tangu uliponionyesha ile pikapu yako kuukuu imenirudia kwa nguvu. Ulisema unataka kuinyanyua juu, uifunge matairi makubwa, ipite kwenye mashimo kama haiyaoni. Jibu langu linaanzia mbali. Basi kaa hapa, chai bado ya moto.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, hapa hapa Kigali. Nilikuwa kijana wa Biryogo, naendesha pikapu ya baba yangu, Mzee Idi, ambaye ni babu yako mzaa mama, usiyemjua. Baba alikuwa mshonaji, na gari lile alilinunua likiwa limeshazeekea mikononi mwa wengine. Halafu maradhi yakamwangusha. Alipooza upande mmoja, akapona nusu, mguu wa kushoto ukabaki mzito. Tangu hapo gari likawa langu kuliendesha na lake kulipanda. Nilimpeleka kliniki kunyooshwa mguu, nikampeleka sokoni kuchagua vitambaa, na siku nyingine nilimzungusha tu mjini aone watu. Alipokuwa ndani ya gari lile hakuwa mgonjwa.

Springi za nyuma zilikuwa zimelala kwa mizigo ya miaka mingi. Mvua ikinyesha, barabara ya bondeni ilichimbika, na tumbo la gari likasuguliwa na mawe. Kwa hiyo sababu ya kulinyanyua ilikuwapo, sikufichi. Lakini moyoni nilikuwa na sababu nyingine. Nilikuwa napeleka mapazia Kiyovu, kwenye nyumba za wakubwa, na huko niliona magari marefu yenye matairi manene, dereva amekaa juu anatazama vichwa vya watu. Nami nikatamani kutazama vichwa vya watu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Nikamweleza baba. Akauliza, "Itapanda mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono, usawa wa kiuno changu. Akautazama ule mkono, kisha akasema, "Iko mzuri. Nitapanda."

Mzazi akikupenda, mwanangu, anaweza kukudanganya kwa uso mkavu. Na mimi nilikuwa nataka kudanganywa.

Fundi wetu alikuwa na gereji mtaa wa Kimisagara, akiitwa Selestini. Alikuwa na desturi yake moja: hakati chuma mpaka awaone wanaopanda gari. Watu walimcheka, wakisema anapima magari kama mtu anayepima suruali. Baba, mshonaji, hakuona la kucheka.

Selestini alinisikiliza mpaka mwisho. "Patro," akasema, maana kila mteja alimwita bosi namna hiyo, "tairi kubwa namna hiyo italemea breki. Na huku kwetu ni milima tu. Ukipanda, gia inachoka. Ukishuka, unakanyaga breki, gari inakuambia ngoja kidogo."

Nikamjibu kwamba nitaendesha polepole. Hakubishana. Alileta jeki, akanyanyua gari, akapanga magogo chini ya kila gurudumu mpaka sakafu ya gari ikafika pale nilipoonyesha. Kisha akafungua mlango wa abiria.

"Muzehe, karibu. Panda."

Baba alishika mlango kwa mkono wa kulia. Mguu mzima akaupandisha, ukafika. Wa kushoto ukakataa. Akajivuta, kofia yake ikaanguka kwenye vumbi lenye mafuta, naye akabaki ananing'inia, nusu ndani nusu nje, na vijana wa gereji ya jirani wakaacha nyundo zao wakitazama. Nikamsukuma kwa nyuma, nimemshika kiuno kama gunia la mkaa. Akaketi. Alikuwa anahema, na macho yake hayakunitazama.

Selestini aliiokota kofia, akaipangusa kwa upande safi wa shati lake, akampa kwa mikono miwili. "Ihangane, muzehe," akamwambia, kama tunavyompa pole mtu kwa Kinyarwanda.

Mimi, ujinga wa ujana, nikacheka kidogo kuiondoa aibu. "Baba, tutatafuta kigoda. Nitakuwa nakiweka chini, unakanyaga."

Hapo ndipo aliposema. Hakupaza sauti hata kidogo.

"Mwanangu, kutoka nyumbani mpaka kliniki tunasimamishwa njiani. Askari anasema wote chini, toeni vitambulisho. Atangoja uniwekee kigoda? Na siku atakayokuweka wewe pembeni, mimi nitashuka na nani?"

Wewe hukuwapo, mwanangu. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, na barabarani kulikuwa na vizuizi. Askari wa kizuizini hakuwa na subira na mtu anayechelewa kushuka. Anayechelewa alionekana ana kitu anachoficha. Wakati mimi naota kutazama vichwa vya watu, baba alikuwa anawaza jinsi atakavyoshuka mbele ya bunduki na mguu mmoja. Nilipolielewa hilo niliingiwa na hofu, kisha na aibu kubwa kuliko hofu.

"Sasa mbona ulisema utapanda?" nikamwuliza.

"Nilikuona umefurahi," akajibu. "Nikasema moyoni, ikinishinda nitabaki nyumbani."

Nimeambiwa maneno makali maishani mwangu, mengine ya kutishia roho. Hakuna lililonichoma kama hilo lililosemwa kwa upole.

Tukachagua upya. Selestini alikuwa akiondoa magogo kidogo kidogo, na kila mara baba anajaribu, mpaka ule mguu wa kushoto ukaingia wenyewe bila kusukumwa. Hapo akapiga alama ya chaki ukutani, usawa wa sakafu ya gari. Springi zilizochoka alizifungua, akaongeza jani moja jipya la chuma kila upande, gari likarudi kwenye kimo chake cha zamani na kupita kidogo. Matairi tukachukua yenye meno ya kushika tope, makubwa kidogo tu kuliko ya mwanzo, yasiyokwangua madigadi ukikata usukani. Mwisho akachomelea kikanyagio chini ya mlango wa baba. Nilirudi Biryogo na gari ambalo hakuna aliyegeuka kulitazama. Na mashimo ya bondeni tuliyapita, taratibu.

Baba alipanda gari lile mpaka mwisho wa siku zake, mwaka uliofuata. Kila kizuizi alishuka mwenyewe, akaonyesha kitambulisho, akapanda mwenyewe. Sikumsukuma tena. Na siku ya kumzika, jeneza liliingia nyuma ya pikapu bila mtu kulinyanyua kupita mabega, na wazee wenzake wakakaa kando yake.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na nne, mwaka wa mauaji. Gari lilichukuliwa, wala sikulitafuta, maana nani angetafuta chuma mwaka ule? Niliyemtafuta ni Selestini. Nilipofika Kimisagara nilikuta magogo yake bado yamepangwa ukutani, na yeye hayupo. Namwombea mpaka leo.

Sasa nisikilize. Sikukatazi kulinyanyua gari lako. Barabara ya kwenu ni mbaya, na gari linalosuguliwa tumbo litakufia njiani. Lakini anza na springi zilizochoka kabla ya kutamani juu. Tairi lichague kwa breki ulizonazo na kwa milima yetu, usichague kwa macho ya watu. Mpanda ngazi hushuka, na anayeshuka kwa breki dhaifu hashuki salama. Na kimo usikipime kwa kiuno chako wewe mwenye nguvu. Mpeleke mama yako kwa fundi. Yule ni dada yangu, najua goti lake linavyomsumbua. Wala usimwulize kama ataweza kupanda, maana ni binti wa Mzee Idi, atakuambia atapanda. Mfungulie mlango, usimame kando, utazame mguu wake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe safari ndefu na breki zinazoshika. Awajalie unaowapenda wapande na washuke kwa miguu yao wenyewe, na siku miguu hiyo itakapokataa, mkono wako usiwe mbali. Amina.