Waya Tuliyoiita Mzee

Watu wa brekidauni, yale magari ya kuvuta malori yaliyokwama, kwenye barabara ya Juba kwenda Nimule, wana kitu wanafanya ambacho mpaka leo kinanichemsha damu. Wananyoa waya. Ndiyo, wananyoa, umesikia vizuri. Waya ya winchi, ile ya chuma ya kuvuta lori kutoka mtaroni, imesokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Ikizeeka, uzi mmoja mmoja unakatika na ncha inatokeza nje kama ndevu, inachoma mikono vibaya. Kwa hivyo Jumamosi mnakaa pale Nesitu na koleo, mnanyoa ndevu zote, mnapaka oili chafu, waya inang'aa, mnasema kalas, imeisha, amekuwa kijana.

Yetu tuliiita Mzee. Aliyeipa jina ni fundi wetu wa winchi. Ni rafiki yangu, lakini ukisema rafiki unampunguza. Tulikulia kambi moja ya wakimbizi Uganda. Mamake akipika, sahani yangu iko. Mtu akimgusa, mimi nimeshafika, kosa ni la nani tutaulizana baadaye. Tuliporudi Juba kazi ya brekidauni aliipata yeye, na siku ya kwanza tu akamwambia mwenye gari, "Huyu anakuja na mimi, ama basi." Ndivyo nilivyokuwa turnboi wake, msaidizi wa kazi zote za gari.

Sasa mtu huyo alimpenda Mzee kupita kiasi. "Hii waya imetoa matenki ya mafuta, imetoa mabasi, imetoa lori ya simenti imezama mpaka milango," alikuwa anaambia watu. "Haijawahi kukatika. Hiyo mpya yenu, nani anajua tabia yake?" Na wote wanaitikia, kweli, kweli. Wakati wa kuvuta anasimama pale karibu na kapi, lile gurudumu waya inapopitia, mkono ameulaza juu ya waya, eti anasikiliza mapigo yake.

Huo mkono ndio ulininyima raha. Waya ikikatika huku inavuta, inarudi kama mjeledi.

Mimi sikusomea chuma popote. Ninachojua nilikijua kwa kutazama. Msimu ule wa mvua niliona ndevu zinaota haraka. Zamani tukinyoa wiki zinapita. Sasa tunavuta leo, kesho ndevu. Na zote ni kwenye kipande kimoja, kile kinachopinda kwenye kapi kila tukivuta. Kwingine laini kabisa. Nikaanza kuokota vipande chini na kuviangalia. Upande wa koleo umebanwa, huo naujua. Upande wa pili, uliokatika wenyewe, haukuvutika, haukuchongoka. Ulikatika kavu, kama biskuti.

Na hiyo kitu nilikuwa naijua! Kambini tulikuwa tunatengeneza magari ya waya bila koleo. Unapinda huku, unapinda huku, unarudia, waya inapata moto, unamgusisha mwenzako mdomoni anaruka, halafu pa! Imeachia. Hukutumia nguvu hata kidogo. Nani alinifundisha? Yeye!

"Ile ilikuwa waya moja," akasema nilipomkumbusha. "Mzee iko na waya ngapi? Moja ikichoka, ingine inashika."

"Na zilizochoka unazinyoa halafu unasema hazipo!"

"Mimi iko kwa hii kazi kabla yako. Lete chai."

Nikaenda mtaa wa Thongpiny kwa mwenye gari kuomba waya mpya. Akasema fundi wake ndiye anajua. Fundi wake akasikia nimeenda, akaninunia. Nikisimama nataka kukaa, nikikaa nataka kusimama.

Halafu ikaja ile lori ya kreti za soda, imelala ubavu mbele kidogo ya Nesitu. Tulifika asubuhi, tukawasha jenereta, tukakata bampa iliyopinda na grenda, yeye akamtandaza Mzee na kufunga ndoano. Nikaangalia kile kipande cha kapi. Alikinyoa jana yake tu. Ndevu zimejaa tena.

"Leo usisimame hapo," nikamwambia.

"Nitamsikiaje?"

"Usimsikie! Kaa mbali."

Dereva wa lori akapiga kelele, "Jamani, huyu turnboi anaongea kuliko injini!" Watu wakacheka. Rafiki yangu naye akacheka pamoja nao, na hiyo iliniuma. Akaulaza mkono juu ya waya. "Ukiogopa, kaa na mama wa chai, tutakuita tukimaliza."

Waya ilikuwa bado imelegea chini. Jenereta inanguruma, grenda iko miguuni pangu. Sikufikiria. Nilikanyaga waya hatua chache kutoka alipo, nikawasha, nikakata. Cheche zilinirukia shingoni. Wengine walikimbia wakidhani nimepandwa na wazimu. Mzee alipoachia, nyuzi zilifunguka, na ndani, mahali oili haikufika, palikuwa pakavu, unga mwekundu unamwagika.

"Angalia!" nikamshikia ncha usoni. "Angalia ndani!"

Hakuangalia. "Umemuua," akasema.

Lori ilitolewa na brekidauni ya watu wengine. Mimi nilifukuzwa na mwenye gari kwa simu, hapo hapo barabarani, na safari hii hakusema "ama basi". Alipewa waya mpya, akabaki. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na hasira na Mzee, na kuliko yote nilikuwa na hasira na kile kitu nisichoweza kumwonyesha mtu. Waya ikikatika yenyewe kila mtu anaamini. Ukiikata wewe, ni wewe umeikata. Ule unga? Kutu tu, walisema. Kila kitu Juba kina kutu.

Siku hizi natengeneza pikipiki mtaa wa New Site. Juzi alikuja mwenyewe, bila pikipiki, akakaa kwenye benchi la mama wa chai mbele ya kibanda changu. Nikaenda nikakaa. Vikombe vikaja.

"Mama, unamjua huyu?" akaanza. "Huyu ndiye alimuua Mzee."

"Ingekatika," nikasema.

"Ingeshika."

"Ingekatika na wewe umeipapasa kama paka!"

"Ingeshika mpaka leo, wewe mjinga!" Akasimama, akanisukuma kifuani kwa mikono yote miwili. Nikamsukuma na mimi. Chai ikaruka.

"Wanaume!" mama wa chai akafoka. "Mkitaka kupigana, wekeni vikombe vyangu kwanza!"

Tukaviweka vikombe taratibu kwenye meza yake, tukaendelea.