Jina Lililongoja Kaburi

Freha Assouline ana kaburi lake tayari mwaka wa tisa sasa, na bado hajalihitaji. Mumewe Mimoun alipofariki, fundi wa mawe alimwambia akichonga mawili kwa mpigo atampunguzia, na Freha si mtu wa kuacha punguzo lipite. Basi makaburini kwetu Marrakesh yapo mawe mawili ubavu kwa ubavu: la Mimoun, na la Freha mwenye jina lake kamili, mwaka wa kuzaliwa na nafasi iliyoachwa kwa ajili ya tarehe. Kila mwaka kabla ya sikukuu huenda kulipaka chokaa mwenyewe, eti mlinzi atalipua kazi. Mimi Simi, jirani yake wa ukuta mmoja hapa Mellah, mtaa wa Wayahudi, nimemwambia mara mia kwamba jambo hilo linatia baridi. Hanisikii.

Lakini kilichomkaa rohoni si kaburi, ni jina. Kwetu mjukuu wa kike hupewa jina la bibi yake akiwa hai, bibi asikie likiitwa na moyo umtulie. Binti yake, Perla, akaolewa Antwerp na Heshel, Myahudi mwenzetu lakini wa kule kwenye baridi. Kwa watu wa Heshel, kumpa mtoto jina la mtu aliye hai ni kumtakia kifo. Mtoto wao wa kwanza wakamwita Tirtsa, jina la shangazi wa Heshel aliyekufa zamani. Freha akawaambia kwenye simu, "Basi ngojeni nife," akakata. Miaka kumi na sita hiyo, mama na mwana hawasemezani, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze.

Siku hizi Freha anapikia vikundi vya vijana wa Kiyahudi wanaotoka Ulaya kuja kutafuta asili yao. Wanaitafuta kwa ratiba: dakika arobaini sinagogi, saa nzima makaburini, saa mbili na nusu kwa muuza mazulia. Wayahudi waliokufa hupewa muda mrefu kuliko sisi tulio hai, ila sisi tunapika.

Majira ya kuchipua mwaka jana, kiongozi wa kikundi kimoja, kijana mwenye adabu aitwaye Menashe, alimletea orodha ya wasiokula karanga. Humo Freha akasoma: Tirtsa, kutoka Antwerp, na jina la ukoo la Heshel. Wiki hiyo hiyo mchinjaji, ambaye dada yake yuko huko, alituletea habari kwamba Perla amejifungua tena, msichana. Freha hakulia wala hakucheka. Alianza kutayarisha maneno. Alinifanyia mazoezi mimi, nikichambua ngano ya chakula cha Sabato, eti mimi ndiye Tirtsa. "Nitamlisha kwanza," akasema, "halafu nimpe vidonge vya kumpelekea mama yake."

Ijumaa mchana kikundi kikaenda makaburini. Menashe alimpa kila kijana ufagio na mshumaa, akawaambia kila mtu atafute kaburi la aliyesahauliwa. Tirtsa alijua jina la babu yake, akalitafuta mpaka akalipata. Kando yake akalisoma jina la bibi. Chokaa ya Freha ilikuwa nzito mno, hakuna ambaye angejua tarehe ipi ipo na ipi haipo. Mtoto akakaa chini akalia. Wenzake wakamwimbia zaburi juu ya kaburi tupu, nasikia waliimba vizuri. Kisha akampigia mama yake. Jioni Menashe akakusanya simu zote mfukoni, kwa kuwa Sabato ilikuwa inaingia.

Walipofika kwa Freha nilikuwepo, nagawa mikate. Tirtsa akaingia macho yamevimba, na Freha akasahau maneno yake yote.

"Wewe ni wa Perla," akasema. "Nani amekuliza?"

Mtoto akamuuliza yeye ni nani.

"Nani tena? Freha. Bibi yako."

Ilibidi tumkalishe. Akaeleza kwa kwikwi: alivyoliona kaburi, mama yake alivyolia, na alivyopiga tena kabla ya Sabato kusema baba amekubali. Kesho asubuhi, sinagogini, mbele ya Torati, mtoto mchanga ataitwa Freha.

Menashe akasema lazima Antwerp waambiwe. Lakini simu siku ya Sabato ni haramu, isipokuwa kuokoa roho, na hapa hakuna anayekufa. Nikasema aliyekufa ndiye anayegawa samaki. Akakumbuka kwamba dereva wao, Lahcen, ni Mwislamu. Huwezi kumwagiza, ila unaweza kusimama karibu naye ukaguna kwamba laiti mtu angepiga simu. Akaanza kuelekea mlangoni. Freha akamzibia njia kwa sinia.

"Sabato ni Sabato, mwanangu. Kaa ule."

Ukuta wetu ni mwembamba, na redio ya Freha ya Jumamosi, iliyo haramu kama simu, naijua vipindi vyake vyote. Nikaendelea kugawa mikate.

Kesho yake, saa ambayo Torati hufunguliwa Antwerp, aliweka kijiko chini akasema, "Tayari." Akacheka peke yake. Wakati wa chakula cha mchana alimpakulia Tirtsa mara tatu. Lakini alasiri akanivuta jikoni, na hakuwa anacheka.

"Simi, mwanangu katoka uzazi juzi. Analia huko tangu jana, na mimi nimekaa hapa nakula mayai."

"Si ndilo ulilolitaka?"

"Nilitaka jina. Sikutaka alie."

Akapanda darini kungoja nyota tatu za kumaliza Sabato, akizitukana kwa uvivu wao. Zilipotoka, Menashe akatukumbusha kwamba Antwerp jua huchelewa, tungoje nusu saa. Nilidhani Freha atamtupa chini. Ndiye aliyekuwa mshika Sabato jana, leo anazunguka dari akiuliza saa kila dakika.

Hatimaye Tirtsa akapiga, akaweka sauti kubwa. Perla akapokea. Yale maneno ya miaka kumi na sita, niliyofanyiwa mazoezi hata nayajua, Freha hakusema hata moja.

"Perla, ni mimi. Niko hai. Nisamehe."

Perla akalia kama mtoto, kisha akakasirika, na hasira yake haikuwa kwa mama yake. "Siku nzima najiuliza mimi ni mtu gani, niliyemnunia mama yangu mpaka kaburini."

Nyuma yake tukamsikia Heshel akiuliza kwa woga kama jina litafutwa. Perla akamjibu kwamba limeshaitwa mbele ya Torati, limeshaitwa. Makelele yakamwamsha mtoto, akaanza kulia kwa nguvu.

"Nyamaza, Freha," Perla akambembeleza. "Nyamaza, mama."

Freha wetu akaziba mdomo kwa kiganja, akasikiliza. Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza nasikia jina hilo likiambiwa linyamaze, naye akanyamaza.